Mmea Mzima Pamoja na Mizizi Yake

Katika mwaka wangu wa pili wa chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba andalio la somo ni ahadi. Mkufunzi wetu wa Mbinu za Kufundishia alilisema jambo hilo akiwa ameinua juu karatasi iliyopigwa mistari kwa rula, yenye safu za muda, zana, kazi ya mwalimu, kazi ya mwanafunzi na tathmini. Mwalimu anayeingia darasani bila karatasi ile, alisema, amewaendea watoto wa watu mikono mitupu. Niliyaandika maneno hayo kwa wino mwekundu. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, na kila nilichokiandika kwa wino mwekundu nilikiamini.

Ninayoyaandika hapa ni ya wiki nane za mazoezi ya kufundisha niliyofanya Uru, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na ya binti mmoja wa darasa la tano. Nilipofika alikuwa na nyumba yenye migomba, na shule aliyoipenda, umbali wa dakika kumi kwa miguu. Nilipoondoka alikuwa ameipoteza nyumba, na kwa kuipoteza nyumba akaipoteza na shule. Sikumchapa, sikumtukana, wala sikumfukuza darasani. Nilimpa kazi ya nyumbani, naye akaifanya vizuri kuliko wenzake wote.

Nilizaliwa na kukulia Majengo, mjini Moshi, katika nyumba ya vyumba sita iliyopangwa na familia sita. Baba alishona nguo kwenye baraza la duka la vitambaa. Mama aliuza vitumbua asubuhi. Siku zisizo na mawingu niliiona Kibo imekaa juu ya mapaa ya mabati, nami niliuhesabu mlima kuwa wangu, kama wanavyouhesabu watoto wote wa Moshi. Lakini kwetu hatukuwa na kihamba, shamba la ukoo la migomba na kahawa. Babu mmoja alitoka Upareni na mwingine Pwani, wote wakifuata kazi ya reli, na ardhi pekee niliyoifahamu ilikuwa ua wetu wa saruji, tulioufagia kwa zamu. Ndizi nilizijua zikiwa zimekwisha katwa. Sikujua kwamba huko zilikotoka kila hatua ya ardhi ilikuwa na mwenyewe, wala sikujua watu walitambuaje mwenyewe ni nani.

Chuoni nilikuwa miongoni mwa wale ambao wenzao huwacheka. Kabla ya kupelekwa shuleni tulifundishana sisi kwa sisi: mmoja alisimama ubaoni, wengine ishirini wakajifanya watoto wa darasa la pili. Wanaume wenye ndevu waliinua vidole na kulia, "Mwalimu, ananifinya!" na "Mwalimu, mkojo!" Mkufunzi alicheka mpaka akavua miwani. Zamu yangu ilipofika nilimwinamia yule mwenye mkojo, nikamwambia kwa upole aende na arudi upesi, kama Saikolojia ya Elimu inavyoelekeza, na darasa zima likavunjika mbavu kwa jinsi nilivyokuwa nimemaanisha.

"Wewe," mwenzangu wa bwenini aliniambia jioni ile, "ukifika kwa watoto wa kweli, utawaamkia shikamoo."

Nilicheka pamoja naye, ingawa sikuona ubaya wowote wa kumheshimu mtoto. Niliamini kwamba mtoto ni mtu kamili, na kwamba akikishika kitu kwa mikono yake mwenyewe, hatakisahau kamwe. Mbao za kunakilia, chaki, na fimbo pembeni mwa kabati, hayo yote nilikusudia kuyaacha kwa walimu wa zamani.

Shuleni Uru nilikabidhiwa kwa mwalimu wa darasa la tano, mama mmoja mtu mzima aliyebakiza miaka miwili kustaafu. Alinipokea nyumbani kwake na kunipa chumba kilichopakana na zizi la ng'ombe. Siku ya kwanza alivitazama viatu vyangu vyeupe, akamwambia mumewe, "Tumeletewa bibi harusi." Siku ya pili alinipa viatu vyake vya mpira. Alikuwa mtu wa maneno machache, Mkatoliki wa kuamka na rozari, na darasa lake lilinyamaza hata alipokohoa.

Ilikuwa miaka ile kahawa ilipoanza kuwachosha watu. Wanunuzi binafsi walipanda na magari yao na mizani yao, bei ikainuka msimu mmoja na kuporomoka mingine, na baadhi ya wanaume walianza kung'oa mibuni iliyopandwa na babu zao ili walime nyanya. Wengine walimega kipande cha kihamba na kumuuzia mtu wa mjini aliyetaka kujenga. Jambo hilo wazee walilisema kwa sauti ya chini. Ardhi ambayo siku zote ilirithiwa tu, sasa ilikuwa imepata mnunuzi.

Chuo kilitutaka, pamoja na kufundisha, tufanye uchunguzi wa mtoto: kila mmoja achague mwanafunzi, amfuatilie, atembelee nyumbani kwao, na aandike taarifa ya kurasa kumi. Nilimchagua binti wa dawati la pili karibu na dirisha. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwembamba, sweta yake ya bluu imefumuka kiwiko kimoja. Nilimchagua kwa sababu aliuliza maswali. "Mwalimu, mbona mgomba unazaa lakini hauna mbegu?" "Mwalimu, theluji ya juu ikiisha, mfereji wetu utakauka?" Mara nyingi sikuwa na jibu, nikamwahidi la kesho yake, na kesho yake alikuja kulidai kabla hata sijaita majina.

Nilikwenda kwao siku ya Jumamosi. Baba yake alikuwa amefariki miaka mitatu kabla. Mama alibaki na binti huyo na mdogo wake wa kike. Hakuwa na mtoto wa kiume. Mama huyo alinikalisha kwenye kigoda, akanipa mtori, supu nzito ya ndizi, akasimama akinitazama nikinywa, kama vile mtori ule ungeamua kitu. Nilimuuliza maswali ya fomu yangu. Alinieleza kwamba mume alipokufa, shemeji yake, yaani mdogo wa marehemu, ambaye shamba lake lilipakana na lao, alitaka kihamba chote kiwe kimoja kwa kuwa hapakuwa na mrithi wa kiume. Wazee wa ukoo walikataa. Walikuja na mbege, pombe ya ndizi, wakapima, wakaweka mpaka mbele ya watu, wakasema mjane na wanawe wasiguswe mpaka mabinti wawe watu wazima.

"Tangu siku ile nalala usingizi, mwalimu," alisema. "Huyu mkubwa anataka kuwa kama wewe. Nikiwa hapa nitaweza. Nikiondoka hapa, sijui."

Katika taarifa yangu, chini ya kichwa cha makazi, niliandika neno moja: imara. Sikuuliza mpaka uliwekwa kwa kitu gani. Nilidhani ni ukuta, au jiwe, au karatasi.

Katika wiki ya sita ilitangazwa kwamba mkufunzi kutoka chuoni atakuja kunipima. Nilipangiwa somo la sayansi, mizizi na majani: kwamba iko mimea yenye mzizi mkuu na majani yenye mishipa ya wavu, na iko mimea yenye mizizi ya nyuzinyuzi na majani yenye mishipa sambamba. Nilikaa siku mbili na andalio lile. Mwalimu wangu wa darasa alilisoma akiwa anamenya ndizi, akalishika kwa vidole viwili asilichafue.

"Hapa kwenye zana," alisema, "waandikie walete mahindi na maharage."

"Mwalimu, kila kitabu kina mahindi na maharage. Nataka wachague wenyewe."

"Watoto wachague?"

"Ndiyo. Mmea wowote mzima, pamoja na mizizi yake."

Alinitazama juu ya miwani. Nadhani alitaka kusema kitu, lakini alikuwa amezaliwa mahali ambapo hakuna mtu mzima asiyejua kipi hung'olewa na kipi hakiguswi, na mtu hawezi kuonya dhidi ya jambo ambalo hajawahi kuona likifanywa. "Nyie wa siku hizi," alisema, akatia sahihi.

Basi nililiambia darasa. Na ili kuwachochea, kwa maana tulifundishwa kwamba mtoto huchochewa, niliongeza jambo ambalo halikuwa hata kwenye karatasi. Niliwaambia kwamba kesho tutakuwa na mgeni, na kwamba kila mmoja ajitahidi kuleta mmea ambao mwenzake hatakuwa nao.

Asubuhi ile darasa lilinukia udongo. Walileta magimbi, mchicha, miche ya mibuni, vitunguu, majani ya ng'ombe. Mvulana mmoja aliingia na mche wa mgomba begani, jasho likimtiririka.

"Mwalimu, huyu kampokonya ng'ombe wao chakula!" mmoja akapiga kelele.

"Ng'ombe wetu hali migomba mizima, labda baba yako," akajibiwa, na darasa likaangua kicheko. Hata mkufunzi, aliyekaa nyuma kabisa na fomu yake magotini, alitabasamu.

Binti yangu aliingia wa mwisho. Sketi ilikuwa na matope hadi magotini. Alibeba kwa mikono miwili mmea uliomfikia kifuani, wenye majani marefu, mapana, yanayong'aa kama yaliyopakwa mafuta, na chini yake mizizi ya rangi ya machungwa, mizuri mno, haijakatika hata mmoja. Darasa likanyamaza. Nilidhani wamevutiwa.

"Vizuri sana!" nilisema. "Mpigieni makofi."

Makofi yalitoka moja moja. Mvulana wa mgomba alisema kitu kwa Kichagga kwa sauti ya chini, na jirani yake akampiga kiwiko. Binti alikuwa akinitazama mimi tu.

"Unaitwaje mmea huu?"

"Isale, mwalimu."

Nililiandika neno hilo ubaoni kwa herufi kubwa. Nililiinua isale lile juu ya meza, nikawaita watoto watano watano waje waguse mizizi, wafuate mishipa ya jani kwa kidole. Wengine waligusa na kuurudisha mkono haraka. Niliandika tathmini kwamba wanafunzi walishiriki kwa nidhamu. Mkufunzi, aliyekuwa mgeni wa kule mlimani kama mimi na zaidi, alinishika mkono kabla ya kuondoka. Alisema katika miaka yake yote hajaona zana halisi zikitumika namna ile. Alinipa alama ya juu kabisa. Nilisimama kwenye uwanja wa shule nikilitazama gari lake likishuka, nikawa na furaha ambayo tangu siku ile sijaipata tena katika kazi hii.

Mwalimu wa darasa aliingia kuchukua rejista. Alifika nusu ya chumba akasimama.

"Nani ameleta hili?"

"Mimi, mwalimu," binti akasema. Alikuwa tayari ameliweka kwenye gunia lenye maji. "Nalirudisha sasa hivi. Sikuvunja hata jani."

"Umelitoa wapi?"

"Pale mpakani. Kwa baba mdogo. Yale ya zamani ni makubwa, sikuweza. Hili ni dogo."

Mwalimu alikaa kwenye dawati la mtoto, magoti yakagusa ubao wa juu. Kisha akasema, "Kimbia." Na kwangu: "Mfuate, mwenzangu. Mfuate upesi."

Tulikimbia kwenye njia ya migomba, yeye mbele na gunia, mimi nyuma na viatu vya mpira. Baba yake mdogo alikuwa amesimama karibu na shimo, mikono nyuma, na pembeni yake majirani wawili aliowaita waje waone.

"Shikamoo, baba," binti akasema.

Hakuitikia. "Liweke chini. Asiliguse mtu tena." Kisha akanigeukia kwa adabu yote. "Karibu, mwalimu. Leo mmesoma nini?"

"Mizizi," nikasema.

"Naona mmeisoma vizuri."

Jioni, jikoni, mwalimu wangu alinieleza kwa maneno ambayo mtoto wa miaka mitano wa pale asingeyahitaji. Isale ndilo mpaka. Anayeling'oa ameukana mpaka, au ameanza ugomvi. Lile dogo lilipandwa na wazee siku ile ya kumwekea mjane sehemu yake, na ndilo lililomlinda miaka mitatu. Huyo mdogo wa marehemu sasa alikuwa akitembea nyumba kwa nyumba akisema kwamba shemeji yake ameling'oa kwa mkono wa mwanawe, kwamba amejiondoa mwenyewe. Tena jani la isale ndilo la kuombea msamaha. Mtu akiletewa isale, hata awe na hasira ya namna gani, hawezi kulikataa bila aibu.

"Wazee wanasemaje?" niliuliza.

"Mume wangu amekaa nao leo. Wengi wanasema ni mtoto, ameagizwa kitu cha shule, hajui uzito wake. Jumapili baada ya misa watakutana, watalipanda upya mbele ya mashahidi, watakunywa mbege, yataisha. Baba mdogo atanung'unika, lakini yataisha." Alichochea moto. "Wewe kaa kimya. Usiende kule. Kaa kimya tu."

Sikuweza. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuweza, na jibu si la kunipendeza. Tulikuwa na somo la Maadili ya Ualimu, nalo lilitutaka mwalimu aliyekosa akiri kosa lake waziwazi, asijifiche nyuma ya mtoto. Lilikuwa somo zuri. Lakini ndani yangu kulikuwa na kitu kingine: nilikuwa siwezi kulala nikiwa na hatia, na nilitaka iniondoke kabla ya Jumapili. Niliwaza habari za mtu mwenye hasira na jani asiloweza kulikataa. Mama aliyekuwa karibu kupoteza nyumba hakuwa na hasira nami, kwa hiyo sikumwaza.

Jumamosi mchana nilikata jani moja kwenye isale la nyuma ya zizi, nikalifunga fundo kama nilivyosikia linafungwa, nikaenda peke yangu. Mdogo wa marehemu alikuwa uani na wazee wawili, wakipokezana kibuyu cha mbege. Niliwaamkia wote. Nilimnyooshea jani kwa mikono miwili, nimepiga magoti. Wazee wakatazamana. Mmoja wao akacheka kidogo, akasema, "Majengo nao siku hizi wana masale?"

Yeye hakucheka. Alilipokea polepole, naye kwa mikono miwili.

"Unaniomba msamaha, mwalimu?"

"Ndiyo, baba."

"Kwa kosa gani?"

"Kwa isale lililong'olewa mpakani."

"Liling'olewa na mtoto?"

"Mtoto alitumwa. Mimi ndiye niliyeagiza. Mimi ni mtu mzima. Kosa si la mtoto."

Niliyasema hayo kwa fahari. Nakumbuka kwamba niliinua kichwa.

"Mmesikia, wazee," akasema. Kisha, kwa sauti ya upole kabisa, "Nimekusamehe, mwalimu. Inuka. Mpeni mwalimu kigoda." Akanipa mbege. Mimi situmii, lakini niligusa kibuyu kwa midomo ili nisimvunjie heshima. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi. Ule usiku nililala.

Kikao kilikaa Jumapili chini ya mti wa mruka uliopakana na kanisa. Wanawake hawakuwemo. Mume wa mwalimu wangu alirudi saa kumi, akavua kofia, akazungumza na mkewe kwa Kichagga kwa muda mrefu. Kisha mwalimu akaja chumbani kwangu, akasimama mlangoni.

"Nani alikutuma?"

"Dhamiri yangu," nikasema.

"Dhamiri yako ingenipitia mimi kwanza."

Alinieleza akiwa amesimama. Yule bwana alikuwa amesimama katikati ya wazee na jani langu mkononi. Alisema: mnasema ni mchezo wa mtoto, lakini mwalimu, mtu mzima aliyesoma, amekiri kwamba aliagiza, na hawa hapa wazee wawili walisikia. Basi si mchezo. Mnasema isale ni la mjane. Kama lilikuwa la mjane, huyu aliyekosa angempelekea nani jani? Angempelekea mjane. Hakumpelekea. Ameniletea mimi, akapiga magoti mbele yangu, kwa sababu anajua mwenye mpaka ni nani. Nimepokea, nimesamehe. Mnataka nini tena? Wazee waliomtetea mama wakakosa la kusema. Nyumba ile ilikuwa imeombewa msamaha na mtu wa nje, kwa mtu asiyestahili kuombwa, na kwa desturi yao neno lililosamehewa kwa isale halifunguliwi tena. Walimpa mjane hadi mwisho wa mwezi arudi kwao, Masama.

"Ungemwendea mama," mwalimu wangu alisema. Sauti yake haikuwa na hasira tena, na hilo lilinitisha zaidi. "Ungemwendea mama, mwanangu, ungekuwa umemaliza kesi kabla ya Jumapili."

Nilikwenda kwa mama siku iliyofuata, saa ya mapumziko, mikono mitupu. Alikuwa akitoa vyombo nje, sufuria ndani ya sufuria. Nilipiga magoti kwenye majani makavu ya migomba. Nilisema yote: agizo langu, darasa langu, jani langu. Nilisema nisamehe, mama.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa na kikaango mkononi.

"Umechelewa, mwalimu wangu," alisema, "lakini karibu ukae." Akaingia ndani, akawasha moto aliokuwa ameshauzima, akanichemshia chai. Tulikunywa pamoja. Ng'ombe alikuwa amekwisha kupelekwa kwa jirani. Nilipoinuka kuondoka alisema kwamba anaomba jambo moja tu: mwalimu mkuu aandike barua ya uhamisho mapema, mtoto asikae hata wiki moja bila shule.

Nilimsimamia mwalimu mkuu mpaka ikaandikwa. Nilimpa binti mkononi, ndani ya bahasha, siku yake ya mwisho. Darasa lilimwimbia wimbo wa kuaga. Hakulia. Aliniuliza kama mkufunzi alipendezwa na somo, nikamwambia ndiyo, alipendezwa sana, na nilipokuwa nikisema hivyo niligundua kwamba ndilo swali pekee alilokuwa akilisubiria jibu wiki zote zile.

Nilirudi chuoni. Nilifuta neno imara katika taarifa yangu na kuandika yaliyotokea yote, kurasa kumi na nne. Mkufunzi wa Saikolojia aliirudisha na maandishi ya penseli kwamba nimetoka nje ya mada na kwamba mtafiti asijiingize katika maisha ya mtoto anayemchunguza. Nilimwendea yule aliyenipa alama, nikamwomba azifute. Alidhani naumwa. Alinieleza kwa wema kwamba fomu zimekwisha kupelekwa, na kwamba somo lenyewe, kama somo, halikuwa na kasoro.

Nilipopata cheti nilikwenda Masama kabla ya kuripoti kituo changu cha kazi. Niliulizia njiani hadi nikafika kwa mjomba wake binti: nyumba ya mabati yenye kutu, banda la ng'ombe wawili, na nyuma yake chumba cha udongo walichopewa mama na wanawe. Mama hakuwapo, alikuwa kibarua kwenye kahawa za watu. Binti alitokea kwenye njia na mzigo wa majani kichwani, mkubwa hadi uso hauonekani. Nilimtambua kwa miguu. Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya Jumanne.

Aliutua mzigo. Alikuwa amerefuka. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Leo hamna shule?"

"Ipo."

"Na wewe?"

"Mke wa mjomba amejifungua. Mama anasema mwakani." Akapangusa majani shingoni. "Barua ipo, mwalimu. Haijachanika. Mama ameiweka ndani ya Biblia."

Nilimwambia nilichokuja kumwambia. Nilikuwa nimekipanga njia nzima, kwa maneno mepesi, yanayofaa umri wake, kama nilivyofundishwa. Nilimwambia kwamba yaliyotokea Uru si kosa lake. Kwamba yeye alifanya kile mwalimu alichomwambia, na alikifanya kwa moyo. Kwamba mimi ndiye niliyekosea, mara mbili, na wazee nao wakakosea, na baba yake mdogo alifanya jambo baya. Kwamba asije hata siku moja akafikiri ni yeye aliyemfukuzisha mama yake.

Alisimama wima, mikono pembeni, kama mtoto anayesikiliza paredi asubuhi. Hakuuliza swali. Nilingoja aulize, lolote lile, hata la kunilaumu.

"Umenielewa?" nikasema.

"Ndiyo, mwalimu."

Nimekwisha kufundisha miaka kadhaa sasa, na "ndiyo" ya namna ile naijua. Huisema mtoto ambaye hajaelewa, ambaye hataelewa, na ambaye anataka tu somo liishe ili aruhusiwe kuondoka. Ndani ya nyumba kichanga kikaanza kulia, na sauti ya mwanamke ikamwita. Aliinama, akaukamata mzigo, akauinua hadi magotini, akashindwa kuufikisha kichwani. Nilimsaidia kuupandisha. Alisema asante, akazunguka nyumba kuelekea bandani, nami nikabaki uani kwa watu nisiowajua, na mabua ya majani yamenata kwenye mikono ya blauzi yangu.